Kibla ya Karavani

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mke wangu Zubeda, Mama Nasra,

Salamu utazikuta chini, leo naanza na habari kwa sababu habari yenyewe haikubali kukaa nyuma ya salamu. Nimenunua nyumba.

Soma tena. Nimenunua nyumba, mimi Bakiri, fundi cherehani wa pembeni mwa njia Marshalltown, yule ambaye kaka yako Twalib alisema siku ya harusi yetu kwamba atakulaza juu ya mafurushi ya nguo za watu. Mwite Twalib umsomee. Msomee kwa sauti, na pale penye neno nyumba rudia.

Nyumba yenyewe ina magurudumu. Usicheke bado. Huku Wazungu wana vyumba vyao vya bati jepesi, wanavifunga nyuma ya gari wakaenda navyo kupumzika, wanaviita karavani. Si gari, haina injini wala usukani, ni nyumba kamili, gari linaivuta kama punda na mkokoteni. Ndani ina kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, sinki, makabati mpaka nimekosa vitu vya kuyajaza, meza ambayo ukiilaza inakuwa kitanda kingine, na dirisha kila upande. Na mlango. Zubeda, mlango una kitasa, kitasa kina ufunguo, na ufunguo ninao shingoni hivi sasa ninapoandika.

Sikusahau ulivyosema. Ulipokuja ile mara moja tukakaa kile chumba cha Bertrams, tumegawana na wale mabwana wawili kwa shuka tu katikati, ukalala wiki nzima na buibui lako mwilini. Siku ya kuondoka ukaniambia pale kituoni: Bakiri, sirudi mpaka uwe na mlango wako mwenyewe, wa kufunga ukitaka na kufungua ukitaka. Kituo kizima kilisikia. Miaka imepita, masikio yako yakagoma, simu ikawa haina faida tena baina yetu, lakini neno lako kwangu halijagoma.

Nimeinunua kwa bibi mmoja wa Kizungu, mjane. Waliitaka wengi, wenye magari yao na miwani yao ya jua. Akawakataa wote akanipa mimi, kwa sababu nilipoingia kuitazama nilivua viatu. Akasema tangu mume wangu afe hakuna aliyepanda humu akavua viatu. Nikamwambia mama, nyumba ni nyumba.

Kibla nayo nimeshaiweka. Nimepima mwenyewe, nikakata kibao cha shaba, nikachora mshale, nikakikaza ukutani kwa skrubu. Nyumba gani Tanga ina kibla ya shaba? Hata ya Twalib haina.

Iko uani, huku La Rochelle, kusini ya mji, pametulia na majirani wananiheshimu. Mwakani nitaivuta mpaka Durban ukaonje bahari ya huku kama ina chumvi kama ya kwetu.

Barua anakuletea Nassir, anapanda basi Ijumaa na mzigo wake wa viatu vya kuuza Dar. Mwandiko usiucheke. Kila herufi naishona kama tundu la kifungo, na sikukubali mtu yeyote aniandikie. Funga mizigo.

Ndizo salamu.

Mumeo, mwenye nyumba,
Bakiri


Makorora, Tanga
14 Mei 2024

Baba Nasra,

Barua nimeipata, na Nassir nimempata pia. Nilimwekea chai na sambusa nikamwuliza, hiyo nyumba umeiona? Akanipigia kelele sikioni kama alivyozoea: "Nimeiona, shangazi!" Nikamwuliza ikoje. Akatia sambusa nzima mdomoni akatafuna mpaka mimi mwenyewe nikasahau nilichouliza. Mtu mwenye habari njema hatafuni vile.

Twalib nimemsomea. Amecheka mpaka kofia ikamwanguka. Mtaani sasa naitwa mke wa behewa. Wifi yangu ananiuliza nikipanda nyumba hiyo nitashukia kituo gani. Nami nimecheka nao, kwa kuwa nakaa chumba cha uani kwa kaka yangu, na aliye kwa watu hucheka wanapocheka.

Lakini wewe si watu, wewe nakuuliza. Gari la kuivuta liko wapi? Tangu nikujue hujashika usukani, hata baiskeli ilikushinda pale Ngamiani ukaingia nayo dukani kwa Mhindi. Uani, uani kwa nani? Hukusema. Choo kiko wapi? Nimepita makabati yote uliyoniandikia, sikukiona.

Na baraza je? Kitanda kiko hapo, meza ikilala nayo ni kitanda, mgeni akija anakaa wapi? Wewe unapenda watu. Watakuja wanaume wenzio kukuamkia, wataingia, watakalia kitanda changu, na mimi nisimame wapi, ndani ya kabati? Nyumba isiyo na baraza haina ndani. Mlango peke yake hautoshi, Baba Nasra. Mlango unataka mahali pa mgeni kukaa bila ya kuupita.

Halafu hilo la kibla. Nyumba yenye magurudumu ikigeuzwa, kibao nacho si kinageuka? Nauliza tu.

Sijasema siji. Wala sijasema naja.

Vaa soksi, huko baridi inaanza.

Mkeo,
Zubeda


La Rochelle
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama Nasra,

Maswali yako nimeyasoma yote, nikaona kumbe mtu akikaa mbali sana na mumewe hugeuka hakimu. Nakujibu.

Gari lipo. Kuna kijana wa Kikongo, Ezéchiel, mtu wa Bukavu, fundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Ana baki, ndiyo gari dogo la mizigo kwa lugha ya huku, na hilo baki liko tayari saa yoyote nikitamka. Ua ni wake, lakini alinibembeleza nikae ili apate mtu mzima wa kumshauri, maana vijana hawa wana mikono tu. Mkewe Marcelline, msusi wa nywele, ananiletea ugali na kisamvu, wao wanakiita sombe. Choo ni chao, kisafi, kina taa.

Na tumeshasafiri nayo! Juzi tulikwenda mpaka bwawa moja nje ya mji, nikaiegesha ukingoni, watu wakanizunguka wanauliza mzee hii umeipata wapi. Inavutika kama uzi kwenye sindano mpya.

Baridi humu haiingii. Nje maji yanaganda ndooni, mimi ndani natoka jasho.

Hilo la kibla ndilo limenishangaza. Skrubu zile nimezikaza kwa mkono wangu. Kitu nilichokaza mimi hakisogei. Suruali nilizowashonea walinzi wa hapa mjini kitambaa kinaoza, mshono unabaki. Usinifundishe kibla.

La baraza, hapo nanyamaza. Hapo umesema. Nilikaa kitandani nikatazama mlangoni, nikaona kweli, mtu akitia mguu mmoja tu yumo chumbani kwako. Basi nashona baraza. Umepata kusikia mtu anashona baraza? Nimepata turubai la hema la harusi lililochanika, kijani na nyeupe. Nalishona kwa mkono kwa sababu cherehani imelikataa kwa unene. Litafungwa ubavuni juu ya mlango, lisimame kwa nguzo, chini mkeka na viti. Wanaume watakaa hapo, na mlangoni nitatia pazia zito. Twalib alijengewa baraza lake na waashi. Mimi langu nalishona, na siku nikilichoka nalikunja.

Jibu mpe Nassir.

Mumeo asiyeshindwa,
Bakiri


La Rochelle
Tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Mama Zubeda,

Hunijui. Mimi ni Marcelline, mke wa Ezéchiel, mzee yako anakaa kwetu uani. Kiswahili yangu ni ya Bukavu, utanisamehe. Niko naandika bila mzee kujua, na Nassir nimemwapisha asimwambie.

Mzee alikuwa mgonjwa. Usiogope, anapona. Kwa kliniki walimpa dawa ya kifua, na jana alikula, akatukana sombe yangu, nikajua huyu hafi tena. Lakini lazima ujue ugonjwa ilitoka wapi.

Ile karavani haijatoka hapa kwetu hata siku moja. Safari ya bwawa anayowaambia watu, haiko. Magurudumu yamepasuka, juu imetoboka, baridi inaingia. Mume wangu alimwambia, "Papa, kuja ulale ndani kwetu." Akajibu, "Mwenye nyumba yake halali kwa watu." Basi.

Sasa mwezi wa tano Ezéchiel alipokea taxi kubwa imegongwa, nafasi ikakosa. Mzee alikuwa Marshalltown kwa cherehani yake. Vijana wakaisukuma karavani kwa mikono, wakaigeuza, kichwa ikaenda mahali pa mkia. Mzee akarudi, akakuta mlango unatazama ukuta. Alipiga kelele jioni nzima juu ya ule mlango! Kisha akaingia akaomba mbele ya kile kibao chake, vile vile.

Mimi ni mkristo, mambo ya dini yenu siyajui, lakini macho ninayo. Nikamwambia, "Papa, zamani Jumapili saa sita ukiomba, jua ilikuwa inakupiga kwa uso. Sasa inakupiga kwa mgongo."

"Jua la nchi hii halina adabu," akasema.

"Si jua, papa. Ni nyumba."

"Wewe mtoto wa kanisa la ngoma, wewe ndiye wa kunionyesha Makka?"

Eish, mama. Ule mzee ana kichwa nguvu.

Jumapili moja akiomba akaona kivuli chake mwenyewe kimelala juu ya kile kibao. Alitoka nje. Akatazama jua, akatazama karavani, akanitazama mimi. Akakaa juu ya ndoo.

Kutoka ile siku akaanza kuzirudia sala zake zote zilizokwenda njia mbaya. Ezéchiel akamwambia, "Papa, Mungu si anaelewa?" Akajibu, "Yeye anaelewa. Mimi ndiye sikuelewa." Akitoka kazini anaomba, anapumzika, anaomba tena, kwa ile sakafu ya baridi, mpaka kifua ikamkamata.

Sikuambii hii ili umcheke. Nilipoingia kumpa dawa niliona kitu. Madirisha yote ameyashonea pazia, safi kabisa, isipokuwa moja, ile ya upande wa ndani wa kitanda. Nikauliza, "Papa, hapa kitambaa ilikwisha?" Akasema, "Hapo ni pa mwenyewe. Atachagua rangi akifika." Na baridi yote inapita pale.

Ndiyo sababu nimeandika. Mama, kama unakuja, kuja. Kama hutakuja, umwambie, ashone ile dirisha.

Mdogo wako,
Marcelline


Makorora, Tanga
1 Agosti 2024

Baba Nasra,

Kwanza afya. Huku kuna ndege waletao habari, nimesikia kifua kilikushika. Usiulize ndege gani.

Nimekaa na barua zako magotini. Katika ile ya pili umenipeleka bwawani. Nimeisoma mara nyingi, ni safari nzuri, watu wamekuzunguka, wewe umesimama ukingoni na ufunguo wako shingoni. Lakini mimi si Twalib. Twalib ndiye wa kusimuliwa mabwawa. Mimi ukinipeleka mahali ambapo wewe mwenyewe hukufika, siku nikija nitashukia wapi?

Umri nilionao ni wa kufunga mizigo mara moja. Nikitoka hapa kwa kaka yangu sitaki nirudi, wifi anipokee begi huku ameuma mdomo asicheke. Nyumba nzuri sikutaka, wala sikuwahi kukuomba. Nataka kujua tu napanda basi kwenda kwenye nini. Basi niandikie barua moja yenye kitu kilivyo. Kama inavuja, andika inavuja. Kama magurudumu yamekufa, andika yamekufa. Barua hiyo ndiyo nitakayoamulia, kuja au kutokuja, na nikishaamua sitageuka, unanijua.

Na madirisha yatie pazia yote, hata kama ni gunia. Rangi hubadilishwa, mapafu hayabadilishwi.

Mkeo,
Zubeda


La Rochelle
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mama Nasra,

Huyo ndege wako anasuka nywele, na sombe yake ina chumvi nyingi. Tuyaache.

Umetaka kitu kilivyo. Mimi kitu kilivyo sikiogopi. Haya.

Hakuna karavani Johannesburg nzima inayovuja kwa adabu kama yangu. Inavuja mahali pamoja tu, juu ya sinki, maji yanaingia yenyewe sinkini yakaondoka. Wangapi wana paa linalojua sinki ilipo? Magurudumu yamepasuka kama visigino vya mkulima, hilo kweli, lakini hakuna atakayesema yamechakaa kwa matumizi yangu, kwa sababu sikuyatumia. Bwawani sikufika. Bwawa lipo. Wanasema ni zuri.

Baki ni la Ezéchiel na wala hakunibembeleza. Mimi ndiye niliyemwomba mahali pa kuegesha, akanipa siku ile ile, hakuuliza kitu. Nami namshonea viti vya magari anayoyanyoosha, na tangu nianze wateja wake wanasifu viti kuliko bodi, kwa hiyo hajamweka mzee wa bure.

Kibla ilinigeuka. Wewe uliuliza, nami nikakujibu kwa ukali, na kumbe siku naandika jibu lile nilikuwa nimeshaanza kuipa Makka mgongo. Nimezilipa zote, nimemaliza, na sidhani La Rochelle nzima yuko mtu aliyesali kama mimi mwaka huu. Kibao nimekifungua ukutani. Sasa kila sala natoka nje kwanza natazama jua, ndipo natandika mswala. Aliyenizindua ni mkristo, tena mwanamke, tena kijana. Hapo Twalib usimsomee.

Baridi inaingia. Dirisha lile nimeliziba kwa kitambaa cha sare za walinzi, buluu iliyoiva. Ni baya. Nalala nimelitazama.

Baraza limekwisha. Sasa hapa usidhani narudia tabia yangu: ni zuri, Zubeda. Jana nililifunga, Mreno wa nyumba ya pili akatoka nje kulitazama na bia yake mkononi. Ezéchiel na vijana wake wakakaa chini yake wakala chakula cha mchana, wakapiga kelele zao za mpira, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuona ndani. Nikawaacha hapo hapo, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa upande wa ndani wa kitanda, ule ambao sijapata kuukalia. Nikawasikia wanavyosikika ukiwa hapo. Wako karibu lakini wako nje. Nilikaa mpaka wakarudi kazini.

Ndivyo ilivyo. Hakuna kilichobaki ambacho sikukuandikia, ila panya mmoja, na huyo namshughulikia.

Ikiwa haitoshi, niandikie tu, sitakasirika. Nimeandika sitakasirika, halafu nikakumbuka umetaka kweli. Nitakasirika sana.

Mumeo,
Bakiri


Makorora, Tanga
20 Septemba 2024

Baba Nasra,

Nakuja na Nassir, basi la mwanzo la mwezi ujao. Atakupigia simu tukishavuka mpaka wa Beitbridge.

Usinitafutie mahali pa kupumzika kwa mtu yeyote, si kwa huyo Mreno, si kwa jamaa wa Tanga walioko mjini, hata kwa kikombe kimoja cha chai. Nimechoka kufikia kwa watu. Safari hii nafikia kwangu.

Panya amalizwe.

Zubeda


La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Kaka yangu Twalib,

Nimefika mzima, miguu tu imevimba, na sasa inarudi. Masikio yangu yamenifaa: tangu Tunduma abiria wanalalamikia muziki wa dereva, mimi nimelala. Ulitaka nikuandikie habari ya nyumba bila kuongeza wala kupunguza. Shika kofia yako.

Tuliingia asubuhi. Basi likasimama kabla ya kituo, likagoma kuendelea, abiria wote wakainuka kuchungulia. Nami nikachungulia. Kisanduku cheupe chenye magurudumu kimeziba njia ya mabasi, mbele yake baki, nyuma yake foleni, na honi zinalia mpaka mimi nilizisikia. Ubavuni pake amesimama shemeji yako, kanzu, koti, kofia ya viua, amenyoosha mkono kama askari wa gwaride kuyazuia mabasi yasipite. Nilimwandikia kwamba safari hii nafikia kwangu. Basi ameileta.

Ezéchiel, huyo fundi wa Kikongo, ameniambia baadaye kwamba walihangaika wiki nzima kutafuta magurudumu yatakayoingia. Alimsihi, "Papa, tumlete mama kwa gari, nyumba ingoje uani." Akajibiwa, "Mke wangu ameandika."

Bakiri alinifungulia mlango. Nikatia mguu wa kulia. Ubani umejaa humo mpaka macho yakaniwasha, kumbe ametia makaa kwenye kopo la rangi kando ya mtungi wa gesi. Ezéchiel aliingia mbio akalitoa nje huku analaani kwa Kifaransa. Nikakaa kitandani. Nikamwambia Bakiri, nimefika, funga. Akafunga, akabaki yeye nje na mimi ndani, na zile honi.

Sasa, kumbe sheria ya huku hairuhusu mtu kukaa ndani karavani ikivutwa. Mkewe Ezéchiel, Marcelline, alinigongea dirishani akaniashiria nishuke. Nikamwonyesha masikio yangu. Akacheka, huyu binti nimempenda. Wakavuta. Tulikwenda polepole, vikombe vinacheza kabatini, mji unapita dirishani mwangu, mimi nimelala kwa ubavu kwenye kitanda changu nautazama. Twalib, hata siku ya harusi sikuchukuliwa hivyo.

Tukafika kwenye roboti, ndilo jina la taa za barabarani huku. Askari wa kike akaniona nampungia. Akatuweka pembeni. Ilikuwa Bertrams, mtaa ule ule nilioukimbia.

Yaliyosemwa nje nilihadithiwa na Marcelline. Askari alisema kuna abiria ndani, ashuke.

"Huyo si abiria," shemeji yako akamwambia, "huyo ni mwenye nyumba. Wewe kwenu mama yako hushushwa nyumbani kwake?"

"Baba, nyumba haipiti kwenye roboti."

"Nyumba za watu wavivu hazipiti. Yangu inapita."

Askari akaja kuushika mlango. Bakiri akamwambia ngoja kwanza, hujakaribishwa. Akafungua kamba, akashusha lile turubai la kijani na nyeupe pale pale pembeni mwa barabara, akasimamisha nguzo, akatandika mkeka, akatoa viti, na Ezéchiel amejishika kichwa. Akamwambia askari, kaa. Sijui kwa nini yule binti alikaa. Labda miguu ilimwuma, kazi ya kusimama juani si mchezo. Lakini nilipomwona kwenye kile kiti, chini ya baraza, nje ya mlango wangu, nikainuka mwenyewe. Hakuna aliyenishusha. Mgeni alikuwa amekaa, nami nikatoka kumpokea.

Aliniita gogo, ndiyo bibi kwa lugha yao. Nilimpa mkate wa kumimina niliotoka nao Tanga na chai niliyochemsha kwenye jiko langu. Aliumega kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akatuandikia faini. Watu wa mtaani wakasimama, mmoja akauliza kama chai inauzwa. Halafu nikapanda mbele kwenye baki kama watu wote, katikati ya Ezéchiel na mkewe, na Bakiri akakaa nyuma kwenye mizigo anailinda karavani kwa macho.

Umetaka habari ya nyumba. Inavuja juu ya sinki, hasa pale alipoandika. Pazia moja ni la buluu, baya kuliko alivyolieleza. Jana imenyesha, maji yakaingia sinkini yakaondoka, na tukakaa kuyasikiliza, yaani yeye kuyasikiliza na mimi kumtazama yeye.

Chumba changu cha uani mpe binti yako Fauzia, amekuwa mkubwa, asibanane na wadogo zake. Vitu vilivyobaki asivitunze. Avitumie.

Dada yako,
Zubeda


Shemeji Twalib,

Mimi Bakiri, naandika hapa chini, yeye amekwenda kuoga. Aliyoyasema yote ni kweli isipokuwa la askari. Hakutusimamisha. Nilisimama mwenyewe. Mke wangu alitoka safari ndefu, nikaona apumzike.